Mtoto anapaliwa kila akinyonya? Msimpeleke kwa mkata kimeo

Barua za wasomaji zimerundikana tena, na nyingi zinauliza jambo lilelile: mtoto anapaliwa kila akinyonya, anakohoa hadi midomo inakuwa ya bluu, kilio chake kimekwaruza, na nimonia ya tatu imekuja kabla ya mwaka kuisha. Wengi wa watoto hao wana maradhi ya kawaida. Wachache wana ufa wa zoloto (kisanduku cha sauti), kasoro ya kuzaliwa inayokadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 10,000 hadi 20,000.

Mwanzoni njia ya hewa na njia ya chakula ni mrija mmoja. Katika wiki ya 4 ya ujauzito, chipukizi la mapafu hutokeza mbele ya mrija huo, kisha ukuta hujijenga kati yake na umio, ukipanda kutoka chini kwenda juu kama zipu. Ukikomea njiani, nyuma ya zoloto hubaki uwazi, na maziwa yanapita hapo kuelekea mapafuni. Tangu 1989 madaktari hufuata mpangilio wa Benjamin na Inglis wenye aina 4: ya kwanza haivuki nyuzi za sauti, ya nne inateremka hadi kifuani, na ndiyo inayoua zaidi.

Kinachonishangaza kila mara ni jinsi ufa huu unavyojificha. Kingo zake ni laini, zinagusana na kulaliana, hata anayechungulia kwa kamera anaona zoloto zima. Picha ya eksirei ya mtoto akimeza huonyesha maziwa yakipotea njia, lakini haisemi kwa hakika yamepitia wapi. Ndiyo maana daktari bingwa wa masikio, pua na koo humlaza mtoto kwa dawa ya usingizi, akaingiza kijiti chembamba na kuzitenganisha kingo zile. Asipozigusa, ufa mdogo unampita, na mtoto anarudi nyumbani na dawa za pumu.

Sasa hawa wakata kimeo mnaowapelekea watoto wa namna hii. Kimeo kinaning'inia juu, mwisho wa kaakaa. Ufa uko chini, nyuma ya zoloto. Ukikikata umempa mtoto kidonda, pengine na damu isiyokatika au pepopunda, na maziwa yanaendelea kuingia mapafuni. Na wale wanaomshutumu mama kuwa kambemenda mtoto, yaani kamdhuru kwa kufanya tendo la ndoa akiwa ananyonyesha, wanijibu: ukuta uliokwama katika miezi ya kwanza ya mimba unaharibiwaje na tendo la ndoa la mwezi jana?

Ufa mdogo huenda ukatulizwa kwa maziwa mazito na dawa za kuzuia kucheua, au kwa kuchoma sindano ya jeli inayoinua sehemu iliyopungua. Isipotosha, hushonwa kupitia mdomoni. Ufa mrefu unahitaji upasuaji wa wazi, ambao daktari wa upasuaji Pettersson aliripoti kuufanikisha mwaka 1955, na mara nyingi tundu la kupumulia shingoni.

Nyumbani, mnyonyesheni akiwa ameinuliwa, wala msichanganye unga kwenye maziwa kwa kubahatisha. Akibadilika rangi, kimbieni hospitali. Nimonia zikijirudia, ombeni rufaa kwa bingwa wa koo na ulizeni kama zoloto limepimwa kwa kugusa. Fedha ya mkata kimeo itawafaa kwa nauli.