Mwalimu wa udaktari ana uhuru gani, na ana wajibu gani?

Tarehe 3 Desemba 2009, wahitimu wa Chuo Kikuu cha Benadir, wengi wao wa udaktari, walikusanyika na wazazi na walimu wao katika Hoteli Shamo mjini Mogadishu kwa mahafali. Mtu aliyejifunga mabomu akajilipua. Waliuawa zaidi ya watu 20: wanafunzi, walimu, na mawaziri, miongoni mwao waziri wa afya, Qamar Aden Ali. Al-Shabab ilikana kuhusika.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2002 na madaktari wa Kisomali, baada ya vita vya 1991 kukivunja chuo kikuu cha taifa. Madaktari wake wa kwanza walikuwa wamehitimu mwaka mmoja tu kabla ya shambulio hilo.

Uhuru wa kitaaluma ni haki ya mwalimu kufundisha, kutafiti na kutangaza matokeo bila kutishwa. Wanazuoni wa Afrika waliudai waziwazi mwaka 1990, katika Azimio la Dar es Salaam na kisha la Kampala. Yote mawili yaliuambatanisha uhuru huo na wajibu kwa jamii.

Katika udaktari, wajibu huo umelala kitandani. Mwalimu hana uhuru wa kufundisha tiba isiyothibitishwa. Lakini lazima awe huru kumfelisha mwanafunzi asiyestahili, hata akiwa mtoto wa mkubwa wa ukoo, na kutamka kuwa ni kipindupindu pale wenye mamlaka wanapopendelea kusema ni kuhara tu. La kwanza ndilo gumu zaidi, kwa maana anayefelishwa ana ndugu, na ndugu hao huenda wana silaha.

Mgonjwa aliyevuka bahari kutoka Chula kwenda Kismayu hana njia ya kujua daktari aliye mbele yake alifaulu vipi. Tena, huenda wasielewane. Katiba ya muda ya 2012, ibara ya 31, iliitaka dola ikuze mila na lahaja za makundi madogo, ila mtaala wa udaktari hupangwa na walimu wenyewe. Uhuru wa kuupanga ni wao. Basi ni haki ya mama wa Kibajuni kuwauliza kama wamemfundisha daktari wake kumsikiliza anapoeleza, kwa lugha yake, mtoto anaumwa wapi na tangu lini.