Je, Wajua? Krediti Tatu Bila Sare ya Shule

Aliyekatiza masomo Morogoro mjini, au Mgeta na Matombo kwenye milima ya Uluguru, anaweza kupata cheti cha kidato cha nne nje ya shule ya kawaida. Miongoni mwa wanaotoa elimu hiyo ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975.

Mwaka wa kwanza hubeba masomo ya kidato cha 1 na 2, na huishia kwenye Mtihani wa Maarifa (QT) wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Anayefaulu husoma ya kidato cha 3 na 4 kwa mwaka mmoja, kisha hufanya mtihani wa taifa akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yake ya mtihani huanza na P. Ya mwanafunzi wa shule huanza na S.

Somo huhesabiwa krediti likipata A (75–100), B (65–74) au C (45–64). D, yaani 30–44, ni ufaulu tu. Kuingia kidato cha 5 huhitaji angalau krediti tatu.

Tangu Novemba 2021, wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa pia kurudi shule za kawaida.