Mstawishaji akiondoka, kisima ni cha nani?

Fleti zikishauzwa, mstawishaji huondoka. Lifti, kisima, jenereta na lango hubaki, na bili zake pia. Hapo ndipo wakazi hugundua kwamba mita ya stima ya ngazi bado ina jina la kampuni iliyowauzia.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka wa 2020 inaeleza njia. Ramani ya mgawanyo wa jengo ikisajiliwa katika ofisi ya ardhi, shirika la wamiliki huundwa, na kila mwenye fleti huwa mwanachama. Sehemu za pamoja ni mali ya wamiliki wote, kila mmoja kwa kiwango cha hisa zake. Shirika huchagua bodi ya kusimamia jengo na ada za huduma.

Lakini kuchagua bodi si kukabidhiwa. Kabla ya kutia sahihi, bodi ikague jengo zima na fundi wake yenyewe. Tangi linalovuja lirekebishwe kwanza. Baada ya sahihi, kumrudisha mstawishaji ni kazi ngumu. Bodi idai kibali cha kisima, cheti cha ukaaji kilichotolewa na kaunti, dhamana za lifti na pampu, hesabu ya ada zilizokwisha kulipwa, na michoro ya mabomba na nyaya. Michoro husahaulika upesi. Bila hiyo, bomba likipasuka chini ya maegesho, fundi huchimba kwa kubahatisha, na gharama ni ya wamiliki.