Fahamu: Kwa nini familia Norway hupiga hema bila kulipa kiingilio
Ukitoka na watoto kwenda msituni kiangazi nchini Norway, hukuti geti wala mkata tiketi. Sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa ingawa ina mwenyewe, na kupiga hema hadi siku mbili, mradi awe angalau mita 150 kutoka nyumba ya watu. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, hii ni haki kubwa mno. Jijini Oslo, tiketi ileile ya basi inakuvusha kwa boti hadi kisiwa cha Hovedøya, ambako watoto huogelea si mbali na magofu ya monasteri iliyoanzishwa mwaka 1147. Moto ndio wa kuangalia: Aprili 15 hadi Septemba 15, kwa kawaida hairuhusiwi kuuwasha msituni.