Sentensi Moja ya Msafiri: Juu ya Mbuga, Jibwa, Pwani, Kipupwe na Garinyumba

Miongoni mwa kazi zinazotufikia ili tuzisahihishe, zipo zile ambazo kosa lake haliko katika sarufi. Sentensi imekaa sawa, upatanisho hauna dosari, na kila neno limo katika kamusi. Ila msomaji aliyekusudiwa akiisoma huelewa jambo jingine kabisa. Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya karatasi ya maelezo kwa wageni wa kutoka Ulaya wanaosafiri na magari yao wenyewe kutoka Mwanza, wakilifuata ziwa hadi Lamadi, wilayani Busega, na kutoka hapo ama kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, ama kukata kulia kwenda Bariadi. Karatasi hiyo ilikusudiwa kubandikwa pia katika ofisi za vijiji, ili wenyeji wajue wageni wameagizwa nini. Katikati yake ilikuwamo sentensi hii:

"Wasafiri wa misafara wapitao pwani wakati wa kipupwe wasiingize majibwa mbugani."

Kwa mtu wa Dar es Salaam sentensi hii yapendeza. Kwa mkulima wa Bariadi ina makosa matano, na mojawapo laweza kumtia hofu isiyo na sababu. Tutaanza na hilo.

Katika Kiswahili cha kawaida mbuga ni nchi tambarare yenye nyasi, na kwa kuwa wanyamapori wengi huonekana mahali pa namna hiyo, watu wamezoea kusema "mbuga ya wanyama" wakikusudia eneo lolote lililohifadhiwa. Lakini kwa Wasukuma, ambao ndio wenyeji walio wengi katika mkoa wa Simiyu, mbuga ni aina ya ardhi. Ni ule udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko mabondeni, tofauti na luseni, yaani udongo wa kichanga ulioko kwenye miinuko. Mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha huvimba na kunata. Humo ndimo wakulima wanamotengeneza majaruba ya mpunga, na humo hupandwa dengu wakati unyevu ungali umebaki ardhini. Sasa mwambie mtu huyo kwamba mbwa wasiingizwe mbugani! Mbwa wake humfuata shambani kila siku, na hufuatana na watoto machungani. Atasoma katika tangazo lenye muhuri kwamba amekatazwa kwenda na mbwa wake katika shamba lake mwenyewe. Kwa mtu anayeishi jirani na mpaka wa hifadhi, hilo si jambo la kuchekea.

Istilahi za kisheria zipo, tena ni za siku nyingi. Serengeti ni hifadhi ya taifa. Maswa, inayopakana nayo upande wa kusini-magharibi, ni pori la akiba. Maneno haya mawili hayabadilishani nafasi, kwa maana kila eneo lina sheria yake na mamlaka yake: hifadhi za taifa zinasimamiwa na TANAPA, mapori ya akiba na TAWA. Mfasiri anayeandika "mbuga" kwa yote mawili amefuta tofauti ambayo Bunge liliiweka kwa makusudi. Katika mazungumzo hatuna ugomvi na mbuga ya wanyama. Katika tangazo, hasa tangazo la kukataza, tunashauri neno hilo lisitumike.

Katazo lenyewe halikutungwa kwa kuwachukia mbwa. Mwaka 1994 kirusi cha distempa, ugonjwa unaojulikana sana kwa mbwa, kiliwaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha mlipuko huo na mbwa wanaofugwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Tangu hapo kumekuwa na kampeni za kuwachanja mbwa wa vijijini. Mgeni anayekuja na mbwa wake garini anaingia katika habari hiyo hiyo, awe anaijua au haijui.

Na mbwa huyo ni mkubwa kiasi gani? Karatasi ya asili ilisema tu kwamba baadhi ya wageni husafiri na mbwa wakubwa, na kwamba mbwa yeyote asiingizwe hifadhini. Mfasiri aliyaunganisha maneno hayo akapata "majibwa". Hapa pana makosa mawili ndani ya neno moja. Kwanza, katazo limepungua: mwenye mbwa mdogo atadai kuwa halimhusu. Pili, kiambishi ji- hakipimi kimo peke yake. Hubeba na dharau au tisho. Mtu akisema "jibwa la jirani" ana malalamiko naye tayari. Palipo na haja ya kutaja kimo, iandikwe "mbwa mkubwa". Na pasipo na haja, "mbwa" latosha. Tunaongeza tahadhari ndogo: katika matangazo ya Serengeti, "mbwa mwitu" ni mnyama wa porini anayelindwa, si mbwa koko wala mbwa aliyepotea, wala si yule wa Ulaya ambaye wafasiri wa Biblia walimpa jina hilo hilo.

Kuhusu pwani tutasema kwa ufupi. Neno hili limetokana na kitenzi kupwa, nalo lilikuwa likitaja mahali ambapo maji ya bahari hupwa na kujaa. Ziwa Viktoria halina maji kupwa wala kujaa ya kuonekana kwa macho. Isitoshe, kwa Mtanzania Pwani ni upande wa Bagamoyo na Kibaha, tena ni jina la mkoa. Badala yake lipo neno zuri, mwambao, kutoka kuambaa, yaani kupita kandokando ya kitu bila kukigusa. Na ndivyo ifanyavyo barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapopita Busega. Wenyeji wana neno mwalo vilevile, lakini hilo ni mahali pa kushushia samaki, wala lisitumiwe kwa ukingo wote wa ziwa.

Kipupwe kina madhara zaidi. Ni majira ya baridi ya kwetu, kati ya Juni na Agosti. Wageni hao walikusudia baridi ya kwao, yaani Desemba hadi Februari, wanapoikimbia theluji. Mwenyekiti wa kijiji akisoma "kipupwe" atawatarajia wakati njia ni kavu. Wao watafika mvua zikiwa zimekwisha kunyesha tangu Novemba. Na gari zito likiiacha lami ya Lamadi na Bariadi kushika njia ya udongo, litazama mbugani, safari hii kwa maana ya Kisukuma. "Majira ya baridi" latosha katika hadithi inayohusu Ulaya. Katika maelekezo, itajwe miezi.

Limebaki gari lenyewe, ambalo ndani yake mna kitanda, jiko na maji. Mfasiri aliandika "msafara", kwa sababu kamusi nyingi hutoa neno hilo kwa karavani. Lakini msafara ni watu wengi au vyombo vingi vinavyofuatana, kuanzia wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo katika karne ya 19, hadi magari ya viongozi wa leo. Mtu na mkewe na mbwa wao si msafara. Tumesikia pia "gari la kulala", ambalo linafanana mno na behewa la kulala la reli, na "nyumba ya magurudumu", ambayo ni maelezo kuliko jina.

Sisi tunapendekeza garinyumba, kwa kufuata mfano wa garimoshi, ambalo limekwisha kuzoeleka. Utaratibu wa maneno una maana yake: kinachotangulia ndicho kitu chenyewe. Garinyumba ni gari, hulipiwa na kukaguliwa kama gari. Tukisema "nyumbagari" tutakuwa tumeunda aina ya nyumba, na huenda afisa mmoja mwenye bidii akadai kodi ya jengo. Wingi wake uwe magarinyumba. Ile inayokokotwa nyuma ya gari jingine haina injini, kwa hiyo si garinyumba. Kwa hiyo tunafikiria telanyumba, ingawa hatujaridhika nalo sana.

Basi sentensi yetu yaweza kuandikwa hivi: "Wasafiri wa magarinyumba wapitao mwambao wa Ziwa Viktoria kati ya Desemba na Februari wasiingize mbwa katika hifadhi ya taifa wala katika pori la akiba bila kwanza kuuliza langoni." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Maneno ya mwisho tumeyaongeza sisi, kwa sababu karatasi ya asili ilizungumzia hifadhi ya taifa peke yake, na wenye karatasi wamekubali.

Wasomaji wetu walioko Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, hususan walimu, tunawaomba watuandikie iwapo kuna neno linalotumika huko kwa tela la namna hiyo, na kama neno mbuga lina maana nyingine ambayo hatukuitaja.