Zaka Ilikwenda kwa Nani? Ugomvi wa Mavuno katika Mahakama za Kanisa

Mkulima wa Uingereza wa karne ya 14 hakuulizwa kama angependa kutoa zaka. Katika kila miganda kumi ya ngano, mmoja ulikuwa wa Kanisa, na wanakondoo, sufu, maziwa na mayai navyo vilihesabiwa. Aliyekataa aliitwa mbele ya mahakama ya Kanisa. Akishupaa alitengwa, na siku 40 zikipita bila kutubu, askofu aliweza kumwomba mfalme aagize akamatwe. Kwa ukali huo, wengi huziona kesi za zaka kama vita kati ya makasisi na wanakijiji waliokwisha kuichoka dini. Ninaona dhana hiyo inapotosha. Katika kesi nyingi hakuna aliyebisha kwamba zaka ni wajibu. Waligombea ipokewe na nani, na itolewe kwa desturi gani.

Chanzo kikubwa kilikuwa monasteri kumilikishwa parokia. Abasia iliyopewa parokia ilihesabiwa kisheria kuwa ndiyo paroko wake. Kwa kawaida ilijitwalia zaka kubwa, hasa ya nafaka, kisha ikamweka kasisi wa kubatiza, kuzika na kusomea watu misa, naye akaishi kwa zaka ndogo na sadaka. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulilalamika kwamba katika baadhi ya nchi makasisi hao waliachiwa robo ya robo ya zaka, yaani sehemu moja kati ya 16, ukaagiza wapewe riziki ya kutosha. Haishangazi basi kwamba kasisi alimshitaki abate, na abasia ikaishitaki abasia. Hata mfalme Edward I, katika agizo lake la mwaka 1286, alitambua kesi za kasisi dhidi ya kasisi mwenzake. Aliziachia mahakama za Kanisa, mradi zaka inayodaiwa isifikie robo ya thamani ya kanisa lenyewe; ikifikia hapo, iligusa haki ya mlezi wa parokia ya kumteua paroko, na haki hiyo ilikuwa ya mahakama ya mfalme.

Mtu atasema kwamba mahakimu walikuwa watu wa Kanisa, kwa hiyo mwanakijiji alikwisha kushindwa kabla hajafungua kinywa. Ni kweli kwamba mizani haikuwa sawa. Lakini sheria ya Kanisa ilidai ushahidi, na ushahidi wa mpaka wa shamba au wa desturi ya kale haukuwa kwa abate. Ulikuwa kwa wazee wa kijiji. Kondoo waliolishwa parokia moja na kukatwa manyoya parokia nyingine, sufu yao ni ya nani? Shahidi alikula kiapo, akahojiwa peke yake, na karani akayaandika maneno yake kwa Kilatini. Makaratasi ya mahakama ya York, yanayoanzia karibu mwaka 1300, yamehifadhiwa hadi leo, na ndani yake tunawasikia wakulima ambao huenda tusingewasikia popote pengine. Naiona hazina hiyo kuwa kubwa kuliko hukumu zenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama watu hawakuichukia zaka, mbona walinung'unika? Tutazame jengo la kanisa. Kwa desturi ya Uingereza, waumini walitengeneza sehemu waliyosalia wao, na mwenye zaka kubwa alitengeneza sehemu ya altare. Pale monasteri ya mbali ilipobeba nafaka na kuacha paa la altare likivuja, walioketi chini ya paa zima walilolilipia wenyewe walijua hasa nini cha kudai. Bunge la mwaka 1391 nalo halikuifuta zaka. Liliamuru kwamba kila parokia itakapomilikishwa hivyo, kasisi wake apewe posho ya kutosha, na fedha zitengwe kila mwaka kutoka mapato ya kanisa kwa ajili ya maskini wa parokia ileile.