Kurasa Tatu kwa Siku

Kila Ramadhani wengi wetu hukhitimu Qur'ani, na kila Mfunguo Mosi msahafu hurudi kabatini. Si kwamba imani imetutoka. Tuonavyo sisi, lengo lile lilikuwa la mwezi ule: kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi, juzuu moja kwa siku. Tukilishikilia lilo hilo miezi mingine, pamoja na jiko, skuli za watoto na biashara, siku ya tatu tumechelewa, ya kumi twaona haya, kisha tumeacha.

Basi na tuhesabu upya. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Asomaye kurasa 3 kwa siku atakhitimu kwa siku 202, nao mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Zabaki siku zaidi ya 150. Humo mna nafasi ya udhuru wa kila mwezi (ambao ratiba nyingi, huenda kwa kuandikwa na wanaume, huusahau), ya homa ya mtoto, ya safari, ya maziko ya jirani. Ndiyo sababu twapenda kuhesabu kurasa wala si siku. Ukikosa siku 5 hukuharibu kitu. Alama ipo palepale ulipoiacha.

Bi Aisha (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliipenda amali idumuyo, japo ndogo. Na kurasa tatu, kwa msomaji wa kawaida, humalizika kabla unga wa mahamri haujaumuka.